Lame, Kiwete, Inaboa

Wengi wetu Kiingereza chetu tumekipata katika vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni darasa, lenye ubao, kamusi na mwalimu anayesisitiza nyakati za vitenzi. Chumba cha pili hakina mwalimu. Ni sebule yenye tamthilia za vijana wa Marekani, ni simu yenye video fupi, ni gemu ambamo mtoto wa Tabata anatukanana na mtoto wa Texas bila kujuana sura. Maneno ya chumba cha kwanza huja na maana zake zote zimepangwa kwa namba. Ya chumba cha pili huja na maana moja tu, ile iliyohitajika katika tukio lile, na huingia kichwani pamoja na sauti, uso na kicheko cha aliyeyasema.

"Lame" ni neno la chumba cha pili. Anayelisikia kwenye tamthilia hahitaji kamusi. Msichana amealikwa kwenye sherehe, anafika, anakuta watu wanne wamekaa wanatafuna bisi, anazungusha macho na kulitamka. Tumeelewa: sherehe inaboa. Imedoda. Baadaye tunalisikia likisemwa juu ya kisingizio, juu ya utani wa baba, juu ya viatu, juu ya wimbo. Taratibu tunajijengea maana yetu wenyewe: kitu kinachochosha, kinachokera kidogo, kisichostahili muda wa mtu wa mjini.

Nafundisha Kiingereza jioni, tuisheni ya vijana waliomaliza kidato cha sita wanaosubiri chuo. Mwaka jana mmoja wao alikuwa akisoma kwa sauti kifungu kuhusu farasi aliyeumia mguu. Alipofika kwenye neno hilo akasimama, akakunja uso. "Madam, farasi anaboaje?"

Tulicheka wote, yeye kuliko sisi. Kisha nikamwambia kwamba "lame" maana yake ya kwanza ni kuchechemea, kuwa na mguu usiofanya kazi vizuri. Farasi huyo ni kiwete. Darasa likanyamaza kidogo. Mwanafunzi mwingine, binti ambaye huwa hasemi sana, akauliza: "Kwa hiyo wakisema sherehe ni lame, wanasema sherehe ni kiwete?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku ile. Ukilinyoosha linakuwa hivi: mtu anayetumia neno kwa maana moja, anawajibika kwa maana yake nyingine? Na hasa sisi, tuliolipokea neno likiwa limeshatengenezwa na wengine, tuna sehemu gani katika deni lake?

Tuanze na historia. Neno hili ni la zamani sana. Limo katika Kiingereza tangu enzi za lugha ya Waanglo-Saksoni, na kwa karne nyingi lilimhusu mtu au mnyama mwenye kilema cha mguu. Matumizi ya mafumbo yalianza mapema. Waingereza walisema kisingizio ni "lame" wakimaanisha hakifiki mbali. Katika karne ya 18, kwenye soko la hisa la London, dalali aliyeshindwa kulipa madeni yake aliitwa bata kiwete. Bata huyo alivuka bahari akaingia katika siasa za Marekani, ambako mpaka leo ni jina la kiongozi aliyekwisha kupata mrithi ila bado hajaondoka ofisini. Marekebisho ya 20 ya Katiba ya nchi hiyo, yaliyoidhinishwa mwaka 1933, yalifupisha kipindi hicho cha kusubiri, na wengi huyaita kwa jina la bata huyohuyo.

Maana ya mtaani ilikuja baadaye, katika karne ya 20. Mwaka 1973 mwanaisimu William Labov alichapisha makala maarufu yaliyotokana na utafiti wake miongoni mwa vijana weusi wa Harlem, New York. Vijana wale walilitumia neno hili kama nomino. "Lame" alikuwa kijana aliye nje ya makundi ya mtaani: hazijui habari, hajui michezo, hajulikani. Labov alionyesha kwamba hata lugha ya vijana hao ilitofautiana na ya waliokuwa ndani. Ilisogea upande wa Kiingereza sanifu. Akaongeza, kwa kejeli kidogo, kwamba wanaisimu wengi nao ni watu wa namna hiyo, waliong'olewa mtaani na masomo, wakabaki kuieleza lugha ambayo hawaiishi tena.

Nimeyaleta makala hayo kwa sababu yanatuonyesha kazi ambayo kamusi haiitaji. Neno hili halipimi tu kama kitu kinachosha. Linapanga watu: waliomo na wasiomo. Na sisi tunaojifunza Kiingereza ugenini tunalipenda kwa sababu hiyohiyo. Tunataka Kiingereza chetu kisinuke chaki. Ndiyo maana kijana anayetafuta maneno mapya huanza na ya dharau; maneno ya dharau ndiyo yanayompa kiti cha ndani haraka zaidi. Tumejifunza neno la kuwatenga walio nje ili sisi tulio nje tuonekane tuko ndani.

Kuna jibu la haraka kwa swali la yule binti, na wengi hulitoa: maneno hubadilika, asili haina nguvu juu ya matumizi. Jibu hili lina ukweli mwingi. Neno la Kiingereza "nice", ambalo leo mtu husifia nalo chai na hali ya hewa, linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya asiyejua, na zamani katika Kiingereza lilimaanisha mpumbavu. Anayekwambia gauni lako ni "nice" hakutukani. "Sinister", yaani chenye nia ovu, lilikuwa neno la Kilatini la upande wa kushoto, na watu wanaoandika kwa mkono wa kushoto hawajaandamana. Kama asili ingetufunga, tusingeweza kufungua mdomo.

Lakini jibu hilo halitoshi kwa "lame", kwa sababu maana yake ya kwanza haijafa. Madaktari wa mifugo wanaitumia leo. Riwaya zinaitumia. Kifungu tulichokisoma darasani kiliitumia. "Nice" alishamzika mpumbavu wake karne nyingi zilizopita. "Lame" bado anaishi nyumba moja na kiwete, mlango kwa mlango. Neno lenye maana mbili zilizo hai haliwezi kujitetea kwa hoja ya makaburi.

Utetezi wa pili ni wa nia. Kijana wa Tabata akisema wimbo ni "lame" hamfikirii mtu yeyote mwenye gongo. Hana habari naye. Hili nalo ni kweli, na lina uzito: mtu ambaye hajui hana chuki. Ila nia husaidia kupima lawama ya msemaji, haisaidii kupima neno lenyewe. Mtu anaweza kupitisha noti ya bandia bila kujua. Hatumwiti tapeli. Hata hivyo noti inabaki ya bandia, na siku akijua, hali yake mbele ya noti hiyo inabadilika. Binti yule alipouliza swali lake, watu kumi na wawili waliokuwa chumbani walitoka kwenye kundi la wasiojua.

Nilipokwenda kwa mjomba wangu mwisho wa mwaka nilimpelekea habari ya farasi, nikijua ataipenda. Mjomba, kaka yake mama, aliugua polio akiwa mtoto. Mguu wake wa kushoto haukukua kama wa kulia, na tangu nimfahamu anatembea na gongo la mti lenye kipande cha raba ya tairi chini. Amefundisha hesabu sekondari mpaka akastaafu. Tuliamkiana, akanisikiliza huku akimenya chungwa, akacheka kwa farasi. Nilipofika kwenye swali la binti akaacha kucheka, ila si kwa namna niliyoitarajia.

"Sasa mjomba," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana mimi na yeye, "hao Wazungu wakisema sherehe yao ni kiwete, mimi inanipunguzia nini?"

Nikaanza kueleza. Akaninyanyulia kisu cha kumenyea, kwa upole, kama aliyekuwa ananyanyua chaki.

"Hesabu ya darasa la tano. Mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja. Zinaitwaje?"

"Namba tasa."

"Tasa ni nani?"

Nilinyamaza. Tasa ni mwanamke asiyezaa, na katika jamii zetu ni moja ya maneno mazito ambayo mwanamke anaweza kutupiwa. Sisi sote tumekaa kwenye madawati tukiimba namba tasa kutoka moja hadi hamsini, na hakuna aliyeuliza.

Kisha akanisimulia safari yake ya kufuatilia karatasi za mafao. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, jengo halina lifti. Walinzi wawili wakajitolea kumbeba. Akakataa, akapanda mwenyewe, akipumzika kila baada ya ngazi tano. Juu akapokewa na kijana mwenye tai aliyemwita, kwa heshima zote, mzee wetu mwenye mahitaji maalumu. "Neno lilikuwa zuri sana," akasema mjomba. "Ngazi zilikuwa zilezile."

Hoja hizi mbili za mjomba ndizo ngumu kuliko zote nilizokutana nazo. Kila moja inataka jibu lake.

Tuanze na tasa. Mjomba ana haki: lugha imejaa viungo vya mwili vilivyoazimwa. Chupa ina shingo, meza ina miguu, mto una mdomo, na hata upungufu wa mwili huazimwa. Tukikataza yote tutabaki mabubu. Na tazameni, hata hapo nimeazima. Basi lazima kuwe na namna ya kupambanua, na mfano wa tasa unatusaidia kuipata. Namba 7 inaitwa tasa kwa sababu ya jambo moja mahususi: haigawanyiki isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe, kama vile haikuacha uzao mwingine. Sitiari inaeleza. Haidharau. Wanahisabati wanaziheshimu namba hizo kuliko nyingine, kwani ndizo zinazojenga namba nzima zote zilizobaki. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuichukia saba kwa utasa wake.

Sasa tulete "lame" kwenye mizani hiyohiyo. Kisingizio kikiitwa kiwete, angalau kuna jambo linaloelezwa: kisingizio hakifiki mbali, na mtu anayechechemea huchelewa njiani. Dharau ipo, lakini ulinganisho una msingi. Sherehe ikiitwa kiwete, ni kipi kinachofanana? Sherehe haikuwa inakwenda popote. Watu wanne wanaokula bisi hawachechemei. Kilichovuka kutoka kwenye mguu kwenda kwenye sherehe ni hukumu tupu: hiki ni kibovu kama kile. Maelezo yameachwa njiani, dharau imefika peke yake.

Hapo ndipo naliona kosa la neno hili, na ni kosa la ukweli kabla ya kuwa kosa la adabu. Linasema uongo juu ya watu. Kuchechemea ni mambo mengi. Kunaumiza, kunachosha mabega, kunamaliza raba za magongo, kunamfanya mtu ahesabu ngazi ambazo wengine hawazioni. Kuboa hakumo. Mjomba wangu anaweza kukaa na watoto wa mtaa saa nzima akiwaeleza kwa nini namba tasa haziishi, na hakuna anayeangalia simu. Sitiari inayosema kinachochosha ni sawa na kinachochechemea imemsingizia mtu.

Kipimo hiki kinatufaa hata nyumbani, maana Kiswahili nacho si malaika. Tunasema biashara imepooza, na sherehe imepooza. Na kupooza ni jambo linaloupata mwili wa mtu. Lakini kupooza pia hulipata tunda lililosinyaa mtini, na kinachovuka ni maelezo: nguvu imepungua, mwendo umekoma. Sina ugomvi nalo. Tunasema pia serikali ni kiziwi, haisikii kilio cha wananchi, na hapa nina ugomvi, kwa sababu ulinganisho huu unachanganya asiyeweza na asiyetaka. Kiziwi hana hatia ya kutosikia. Serikali inayo. Kiswahili chenyewe kina usemi bora: imetia pamba masikioni. Usemi huo una hukumu kali zaidi kuliko neno kiziwi, kwa kuwa unamwonyesha mtu mwenye masikio mazima akijiziba kwa mkono wake, na haumgusi mtu yeyote asiyehusika.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili kimewadharau watu hawa tangu kwenye ngeli. Kiwete, kipofu, kiziwi, kilema, kibyongo, kibogoyo: wote wamewekwa chumba kimoja na kiti, kisu na kikombe. Ndiyo moja ya sababu za kuhamia kwenye mlemavu, asiyeona, mtu mwenye ulemavu. Naielewa hoja hiyo, ila sioni kama imetimia. Kiongozi yumo chumba hichohicho, na kijana, na kinyozi. Tena tazama kinachotokea kwenye sentensi: tunasema kiwete amefika. Hatusemi kimefika. Jina lina kiambishi cha vitu, lakini kitenzi kinasimama kumpokea mtu. Anayesema kimefika juu ya mtu amefanya hivyo makusudi, na kila msikilizaji anajua kwamba ametukana. Sarufi yetu inakumbuka nani yumo ndani ya neno. Ukisema sherehe ile ilikuwa kiwete, msikilizaji atakuuliza kiwete nani, maana kwetu neno hilo bado ni jina la mtu. Kivumishi cha Kiingereza kimempoteza mtu huyo. Kimebaki na mguu wake tu.

Sasa turudi kwenye ngazi za mjomba. Hoja yake ya pili ni kwamba maneno mazuri ni rahisi, na mara nyingi hutolewa badala ya kitu chenye gharama. Historia iko upande wake. Mwaka 1910 mwanasaikolojia wa Marekani, Henry Goddard, alibuni neno "moron" liwe istilahi ya kitaalamu kwa watu wenye upungufu wa akili. Likawa tusi. Likaja neno jingine, nalo likawa tusi, mpaka mwaka 2010 nchi hiyo ikapitisha Sheria ya Rosa ili kuliondoa neno hilo la pili katika sheria zake za shirikisho na kuweka jingine tena. Mwaka huohuo Tanzania ilipata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, yenye jina la heshima kabisa. Steven Pinker ameupa mwenendo huu jina la mashine ya kukimbilia: unabadilisha neno, dharau inakufuata, unabadilisha tena, na hujasogea.

Ila mashine hiyo inamkimbiza anayebadilisha majina ya watu. Anayeacha kusema "lame" juu ya sherehe hajabadilisha jina la mtu yeyote. Mjomba anajiita kiwete, kwa sauti, na anapenda kuona watu wanavyobabaika. Huko Marekani nako wapo waandishi wenye ulemavu waliolitwaa neno la tusi "crip" wakalifanya lao. Sioni sababu ya kuwanyang'anya. Kinachoombwa hapa ni kidogo zaidi: mwili wa mtu usitumike kama rula ya kupimia ubovu wa vitu. Ukiacha kuitumia, hakuna neno jipya la kuchafuka.

Na kuna jambo jingine ambalo mjomba mwenyewe alilisema bila kulikusudia. Nilimuuliza kwa nini alikataa kubebwa. Angefika haraka, bila jasho. Akaniangalia kama nimekosea jedwali la mbili. "Mimi si gunia."

Katika maneno hayo matatu kuna jibu la swali lake la kwanza, kwamba neno linampunguzia nini. Kama jambo la maana lingekuwa kufika juu tu, kubebwa kungetosha. Alikataa kwa sababu kubebwa kungesema kitu juu yake mbele za watu, na kile ambacho kingesemwa hakikuwa kweli. Alilipa ngazi zote zile ili kukanusha sentensi ambayo hakuna aliyekuwa ameitamka. Mtu wa namna hiyo hawezi kuniambia kwamba maana ni upepo. Ngazi ni muhimu kuliko maneno; nakubali, na sheria yenye jina zuri isiyojenga njia ya mteremko ni tai shingoni mwa yule kijana. Lakini ngazi zinaumiza mara mbili, mara moja kwa urefu wake na mara ya pili kwa kile zinachomwambia anayezitazama kutoka chini: hatukukufikiria. "Lame" linasema jambo hilohilo, kwa bei ndogo.

Ndogo kiasi gani? Nadhani tuwe wakweli hapa pia. Sina ushahidi kwamba kijana anayesema neno hili atakuwa mhandisi anayesahau njia za mteremko. Ni kosa dogo, la ukubwa wa ganda la ndizi barabarani. Halistahili mtu kuaibishwa mbele ya wenzake. Nimeona mijadala ambamo mtu analisema bila kujua na watu kumi wanamrukia, kila mmoja akionyesha kwamba yeye amestaarabika zaidi. Hapo kazi ileile ya Harlem inaendelea kwa msamiati mwingine. Tumewapanga upya waliomo na wasiomo, na asiyejua ndiye kiwete wetu mpya.

Wahenga walishalipitia jambo hili kwa maneno mawili: hujafa hujaumbika. Mara nyingi methali hiyo husemwa kwa huruma au kwa vitisho, mtoto asicheke kilema asije akapata chake. Mimi naisoma kama maelezo ya kawaida ya mwili. Mwezi Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena polio ya asili, na watoto wengi wanaozaliwa leo hawatapata mguu wa mjomba kwa njia aliyoupata yeye. Lakini ingia wodi ya mifupa ya hospitali kubwa yoyote jijini uwaone vijana wa umri wetu walioletwa kutoka ajali za bodaboda. Wiki iliyopita walikuwa upande wa wanaosema. Mwili ni kazi ambayo haijaisha kwa yeyote anayeongea, na neno linalougawa ulimwengu kati ya wazima na wabovu linategemea mpaka ambao kila mmoja wetu anaweza kuuvuka kabla ya Jumapili.

Kwa hiyo darasani nalifundisha neno lenyewe lote: mguu, farasi, bata, Harlem, sherehe. Silifuti. Mwanafunzi wa lugha anahitaji kuelewa maneno mengi ambayo hatayatumia, kama anavyohitaji kulijua tusi ili ajue ametukanwa. Kisha nawapa zoezi. Kila panapotaka "lame", waandike kwanza kwa Kiswahili walichokusudia.

Karibu wote huanza na kuboa, na mimi hulifurahia neno hilo, ingawa wahifadhi wa lugha hulikunjia uso. Tumelichukua kutoka Kiingereza tukalitia kwenye mashine yetu ya vitenzi, na likatoka na kitu ambacho "lame" haina: nafasi ya mtu. Imeniboa. Inatuboa. Kivumishi cha Kiingereza kinaweka ubovu wote ndani ya kitu na kumwacha msemaji pembeni kama hakimu. Kitenzi chetu kinamtaja aliyeboeka. Ukimtaja, swali linalofuata haliepukiki: imekuboa kwa sababu gani? Na hapo majibu yanakuja, kila moja na lake. Wimbo unarudia mstari mmoja mara ishirini. Utani ule tumeshausikia. Kisingizio hakieleweki, maana mvua haikunyesha siku hiyo. Mimi nilikuwa nimechoka, sherehe haikuwa na kosa.

Hili la mwisho hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani.